Mradi wa Chiriku: Shajara ya Kinanda, 2024

20 Januari

Nimeanza daftari hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hesabu. Watu tisa wa ukoo wanachanga kila mwezi, na mchango usioandikwa huzaa maneno. Ya pili, nataka kukumbuka mambo yalivyokwenda kweli, si jinsi tutakavyoyasimulia akishakuwa mkubwa.

Mhusika ni mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa. Ana miaka 11, yuko darasa la sita. Nyumbani tunamwita Chiriku, jina alilopewa na marehemu bibi yake kwa kuwa alianza kuimba kabla hajajua kusema. Mali tuliyo nayo ni kinanda cha umeme cha mtumba chenye vibonye 61, vyepesi kama vya kikokotoo, spika ya kushoto inakoroma. Mwalimu anakuja kila Jumanne kwa saa moja, tangu Julai mwaka jana. Jumapili Chiriku anawapigia kwaya ya watoto kanisani.

Tatizo la kwanza ni umeme. Ukikatika, mazoezi yamekwisha. Desemba nilihesabu siku 11 ambazo hakugusa kinanda kwa sababu ya giza tu.

Tatizo la pili Mwalimu amelieleza vizuri kuliko ninavyoweza. Kwenye piano ya kweli, kibonye ni mkono wa mtambo: kinarusha nyundo, nyundo inapiga waya, na nguvu ya kidole ndiyo inayoamua sauti iwe kubwa au ndogo, nene au nyembamba. Kwenye kinanda chetu bonyeza upole au kwa hasira, jibu ni lile lile. "Namfundisha kuogelea kwenye beseni," alisema.

Kwa hiyo lengo la nusu ya kwanza ya mwaka ni piano.

4 Februari

Leo ibadani mwimbishaji wa watoto alianzisha wimbo juu mno. Kitabuni umeandikwa katika E flati, yeye akawapeleka watoto kwenye kitu kinachokaribia F shapu (flati hushusha nota kwa nusu toni, yaani kibonye kimoja, shapu huipandisha hivyo hivyo). Mimi nimefundisha kwaya miaka 19, kwa solfa, yaani do, re, mi, na hapo ningesimamisha watu waanze upya. Chiriku hakusimamisha mtu. Alinyamaza kwa mapigo mawili, akainamisha kichwa, akaingia pale pale walipo, mikono yote miwili, sauti zote nne.

Baada ya ibada mzee mmoja wa baraza akaniambia, "Huyu mtoto anasoma nota vizuri sana." Nikamkubalia. Nilikuwa naamini hivyo.

24 Februari

Piano imepatikana. Mzee mmoja mstaafu wa Upanga anahamia kwa mwanawe Arusha, na piano ya ukutani aliyokuwa akipiga marehemu mkewe haiwezi kumfuata. Hakutaka hela. Alitaka tu kujua itakwenda kwa mtu atakayeipiga. Nilimpeleka Chiriku wakaonana. Alimsalimia, akakaa, akapiga wimbo mmoja wa kanisa, mzee akaenda jikoni kutuletea chai na akakaa huko muda mrefu.

Hesabu ya kuhamisha: kirikuu ya kukodi 60,000, vibarua wanne 80,000, magodoro mawili ya kuazima (moja limechanika, nimeandika deni). Piano ya namna hii ina uzito wa kilo 200 na zaidi. Tulipofika nyumbani Tabata tukagundua mlango wa sebuleni haupishi. Tukang'oa grili. Fundi wa grili, 25,000.

Iko ukuta wa ndani, mbali na dirisha. Mama mdogo ameshaweka majani ya mwarobaini chini yake kwa ajili ya nondo. Sijamkataza.

2 Machi

Fundi wa piano amekuja, amekaa kutoka saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Wa aina yake hapa mjini ni wa kuhesabu kwa vidole, na simu yake nimeipata kwa kupitia watu watatu.

Alipoondoa ubao wa mbele nilitegemea kuona mashine. Niliona kitu kama kitanda cha kamba kilichosimamishwa: nyaya kama 230, kwa sababu kibonye kimoja cha katikati kina nyaya tatu zinazolia pamoja. Kutu ilikuwa imezipaka rangi ya chai. Chumvi ya bahari, alisema, haihitaji dirisha la kuingilia.

Akagonga uma wake wa kupimia, ule wa A, mitetemo 440 kwa sekunde. Akabonyeza A ya piano. Hata mimi nilisikia: piano iko chini kwa karibu nusu toni. Nikamwambia basi ipandishe. Akaweka ufunguo wake wa kukazia chini na kunieleza kama mtu anayemweleza mgonjwa. Nyaya zote kwa pamoja zinavuta fremu ya chuma kwa nguvu ya zaidi ya tani 15. Kuipandisha piano nusu toni ni kuongeza mvuto wa kila waya kwa kama asilimia 12. Waya mzima unavumilia. Waya wenye kutu unakatika, na ukikatika unarusha. "Nitakupandishia, halafu mwezi mzima nitakuwa nabadilisha nyaya zako moja moja."

Tukakubaliana aipatanishe yenyewe kwa yenyewe, chini kwa nusu toni kamili. Hakuna atakayejua, akasema.

Chiriku alikuwa kwenye mkeka anakunja nguo. "Anko," akasema, "hiyo C inasema B."

Fundi alicheka. Kisha akaacha kucheka. Akamgeuza aangalie ukuta, akabonyeza nota tano ovyo ovyo, na Chiriku akazitaja zote kwa majina yake halisi, yaani kwa jinsi zinavyolia, si kwa vibonye vilivyobonyezwa. Fundi akaniambia ana miaka mingi kwenye kazi hii na amekutana na watu wawili tu wenye sikio hilo. Malipo 150,000. Alipunguza 20,000, akasema ni za mtoto anunue soda.

Nilifurahi jioni nzima. Nakiri.

31 Machi

Pasaka. Hakuna la kuandika, isipokuwa amepiga saa mbili bila umeme, kwa mshumaa, na majirani wakaleta viti nje.

13 Aprili

Jumamosi asubuhi, mvua, Chiriku yuko kwenye piano, mimi nyuma yake napiga pasi mashati. Anafanya mazoezi ya Minueti ya G, ile ambayo vitabu vya watoto viliipa jina la Bach kwa miaka mingi kwa sababu ilikutwa kwenye daftari la mkewe, Anna Magdalena, la mwaka 1725, kumbe mtunzi ni Christian Petzold. Karatasi iko mbele yake. Ufunguo wa G, yaani wimbo ambao nyumbani kwake ni G, una shapu moja tu, F, kwa hiyo mkono unakaa kwenye vibonye vyeupe karibu muda wote. Nota ya kwanza kabisa ni D, nyeupe.

Nikainua macho kutoka kwenye kola ya shati, nikaona kidole chake kinaanzia kwenye cheusi.

E flati. Halafu A flati, B flati. Nikasubiri sauti ikosee. Haikukosea. Mkono wa kushoto nao ulikuwa kwenye vyeusi. Na pale ambapo karatasi ilisema F shapu, cheusi pekee katika nusu ya kwanza ya wimbo, yeye akabonyeza G, cheupe. Macho yako kwenye karatasi. Mstari ulipokwisha yakashuka mstari wa pili, kama msomaji kabisa.

Nikazima pasi.

Ilinichukua muda kuelewa. Jumanne Mwalimu alimpigia wimbo huo kwenye kinanda cha umeme, ambacho kiko sawa. Sikio likaweka G ya kweli. Piano yetu iko chini nusu toni, kwa hiyo ili isikike G lazima ubonyeze kibonye cha juu yake. Chiriku alikuwa ameuhamisha wimbo wote kwenye ufunguo wenye flati nne, peke yake, bila kuambiwa, na bila kujua kwamba amefanya jambo. Na kwa hilo hilo akawa amenionyesha kwamba karatasi iliyo mbele yake ni pambo.

"Unasoma wapi?"

"Hapo."

"Nota hii ni ipi?"

Akahesabu kwa kidole toka mstari wa chini, polepole, kama mtoto wa chekechea anavyohesabu maembe. "D?"

"Na wewe umebonyeza nini?"

Akaangalia kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Nikatoa wimbo mwingine kitabuni, ambao hajawahi kuusikia, mistari miwili. Alitumia dakika nne, akatoka jasho, na haukufanana na wimbo. Nikaunguruma sauti ya juu mara moja tu kwa mdomo. Akaupiga mikono miwili, besi ameitunga mwenyewe, na besi yake, Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri kuliko ya kitabuni.

"Karatasi inanichelewesha, Anko," alisema.

16 Aprili

Nimemweleza Mwalimu kabla ya somo, nje, chini ya mwembe. Alinyamaza, halafu akasema kosa ni lake. Tangu mwanzo humpigia wimbo mpya mara moja "auonje." Mtoto mwingine angehitaji wiki tatu kuufikia, na katika wiki hizo tatu angelazimika kusoma. Huyu ameonja, amemeza. Miezi tisa tumekuwa tukimsifu kwa kusoma.

Nilitaka kusema kosa ni la wote. Nikanyamaza, kwa sababu mimi ndiye niliyemkubalia yule mzee wa kanisa.

4 Mei

Upepo wa Kimbunga Hidaya. Umeme umekatika. Piano haijali umeme, lakini inajali maji yaliyo hewani: tangu wiki iliyopita vibonye vitatu vikibonyezwa havirudi juu. Fundi kwa simu: ndani ya kibonye kuna tundu lililovikwa kitambaa cha sufu iliyosindiliwa, masika inakivimbisha, tundu linabana pini. Akija atakibana kwa koleo yake maalumu. Kwa sasa ameshauri balbu ya zamani, ile ya kutoa joto, wati 25, iwekwe ndani kwa chini, mbali na mbao, iwake usiku. Nimeinunua. Inangoja umeme urudi.

11 Mei

Utaratibu mpya, wiki ya tatu. Nauandika kwa kirefu kwa sababu huu ndio moyo wa mwaka.

Mwalimu hapigi tena wimbo mpya mbele yake, wala hatuwashi video. Chiriku anakutana nao kwenye karatasi kama unavyokutana na mgeni mlangoni.

Kila siku dakika kumi za kusoma kitu asichokijua, kirahisi kuliko uwezo wa mikono yake. Hapo ndipo vita ilipo. Mikono yake ni ya mtoto wa mwaka wa nne, macho yake ni ya mwezi wa kwanza. Kumpa wimbo wa mwezi wa kwanza ni kumtukana, na anajua. Siku ya pili alilia, si kwa ugumu, kwa aibu. Dada yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi akauliza nimemfanya nini mtoto.

Mimi nakaa kushoto kwake na kadi ya mwaliko wa harusi, nafunika kila hatua ya wimbo, kile kipande kati ya mistari miwili ya wima, anapoimaliza, ili jicho lisipate pa kurudi na lilazimike kwenda mbele. Akikosea haruhusiwi kusimama. Hili ni gumu kwake kuliko yote, maana sikio lake haliwezi kulipita kosa. Linarudi nyuma kulirekebisha kama mtu aliyedondosha sarafu.

Kisha ujanja wa Mwalimu. Nilikuwa tayari kukiuza kile kinanda cha vibonye 61. Akanizuia. Kina kitufe cha kuhamisha ufunguo: ukibonyeza C kinaweza kulia C shapu, au A, au chochote. Kila asubuhi anapiga kete, namba inayotoka ndiyo kiwango cha siku hiyo. Anachokiona hakilingani na anachokisikia, na kila siku hakilingani kwa namna tofauti, kwa hiyo sikio halina la kushika. Ni macho tu. Chiriku anakichukia kitufe hicho. Juzi alikiita "muongo."

Na solfa. Nilidhani mwaka huu mchango wangu ni pesa na kadi ya harusi. Lakini Mwalimu alipomwambia "kutoka G kwenda B ni hatua ngapi," Chiriku alipotea, nami nikasema tu "do, mi," akaipata. Ilitushtua sote watatu. Solfa yetu ya makwaya, ile waliyoieneza wamisionari kutoka kwa John Curwen, naye akiwa ameijenga juu ya kazi ya Sarah Glover wa Norwich, ina sifa moja ambayo sikuwahi kuithamini: do inahama. Do ni nyumbani, popote nyumbani palipo. Mtoto ambaye kichwani mwake kila nota ina jina lisilobadilika alihitaji mahali ambapo jina linabadilika na uhusiano unabaki. Sasa tunatia alama ya do kwenye karatasi kwa penseli, anaimba mstari kwa solfa kwanza, kisha anapiga.

Bado polepole. Lakini jana alisoma mistari minne ya wimbo wa zamani wa kitabu cha kanisa, sauti mbili, bila mimi kuunguruma.

9 Juni

Kikao cha ukoo. Hesabu zimepita. Dada akasema lake: mwakani ni darasa la saba, mtihani wa taifa, na "atakula kinanda?" Sikujibu kwa hotuba. Nilimwonyesha ratiba: dakika 75 kwa siku, Ijumaa hakuna. Akakata 15. Tumebaki na 60. Naona ametenda haki, na huenda hata 60 zinatosha, kwani robo saa ya mwisho siku zote ilikuwa ya kupiga nyimbo za matangazo ya redio.

27 Juni

Likizo. Tumevuka kwenda Unguja siku mbili, kwa shangazi. Nikampeleka Mji Mkongwe, kwenye chuo cha muziki cha nchi za jahazi, ambako wanafundisha taarab. Mzee mmoja alikuwa akipatanisha kanuni yake, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, akashusha kijiwiko kimoja kidogo cha shaba pembeni, akapiga mteremko.

Chiriku akanishika mkono. "Anko, ile mi imekosewa?"

Haikukosewa. Ni makamu ya rasti, mpangilio mmoja wa nota wa muziki wa Kiarabu, na mi yake inakaa kati ya mi yetu na flati yake. Kwenye piano haipo. Ungebonyeza katikati ya vibonye viwili, mahali pasipo kibonye. Mzee alimwita, akamwacha ashushe na kupandisha kijiwiko mwenyewe. Alikaa pale dakika arobaini. Nilimuuliza mzee alijifunzaje. Akasema kwa kusikia, na mwalimu wake kwa kusikia. Karatasi walikutana nayo ukubwani.

Kwenye boti nikafikiri nimekuwa nikizungumzia sikio la mtoto huyu tangu Aprili kama homa ya kutibiwa. Nimemwambia Mwalimu kwamba Ijumaa, siku ya mapumziko, itakuwa ya kusikia tu, akitaka. Hakuna karatasi.

13 Julai

Mtihani. Tumebishana wiki nzima, heri niandike pande zote.

Bodi ya mitihani ya muziki ya ABRSM ya Uingereza ina njia mbili kwa piano, zote alama 150, kupasi ni 100, sifa ya kati 120, ya juu 130. Njia ya kwanza ni ya ana kwa ana: nyimbo tatu za alama 30 kila moja, skeli (kupanda na kushuka nota za ufunguo mmoja kwa mfuatano) 21, kusoma nota papo hapo 21, kusikiliza 18. Njia ya pili, iliyoanza 2020, ni ya video: nyimbo nne mfululizo, alama 30 kila moja, na 30 nyingine kwa onyesho zima. Haina skeli, haina kusoma.

Mimi nilitaka video. Nilijipa sababu za nauli na ratiba, lakini sababu ya kweli ni kwamba kwenye video angepata 130 na zaidi, na wachangaji tisa wangependa kuiona.

Mwalimu: "Hiyo ya video atapasi hata nisipomfundisha tena."

Kusoma papo hapo wanakupa nusu dakika uangalie kipande kipya, halafu unapiga. Kwa mtoto wetu ni kama kumwambia atembee kamba. Tukamuuliza mwenyewe. Hakuuliza kuhusu alama. "Ipi ina sehemu ya kusikiliza?" Ya ana kwa ana. "Hiyo basi."

Daraja la 3, Novemba.

18 Agosti

Skeli. Amegoma skeli ya C, anasema vidole vinateleza. Mwalimu akamwanzisha B, shapu tano, ambayo mimi niliiogopa ujana wangu wote. Kumbe Chopin naye aliwaanzisha wanafunzi wake hapo: vidole virefu vinatua kwenye vibonye vyeusi vilivyo juu, kidole gumba na cha mwisho vinabaki kwenye vyeupe, mkono unakaa kwa umbo lake. Nimejaribu usiku watu wakiwa wamelala. Ni kweli.

22 Septemba

Imepita wiki bila kadi ya harusi. Macho yanakwenda mbele yenyewe.

Leo nimemkuta anasoma karatasi kwenye kochi, hana kinanda, mdomo umefumba. Nikamuuliza anafanya nini. "Naisikiliza." Nikatoka taratibu.

Fundi amekuja mara ya tatu mwaka huu: 130,000. Vibonye vyote vinarudi. Nondo wamekula kitambaa cha nyundo mbili za chini, mwarobaini au bila mwarobaini.

20 Oktoba

Wasiwasi mpya, na huu ni wangu. Miezi minane amefanya mazoezi kwenye piano iliyo chini nusu toni na kwenye kinanda "muongo." Piano ya mtihani itakuwa 440. Je, siku hiyo kila kitu kikilia mahali pake, sikio halitarudi kushika usukani? Mwalimu anasema tuone. Jibu hilo siyo la kumlaza mtu.

16 Novemba

Mtihani umefanyika. Wazazi hawaingii. Mimi na dada tulikaa kwenye korido, yeye na rozari yake aliyopewa na jirani Mkatoliki (sisi Walutheri, lakini siku kama hii hukatai kitu).

Tulisikia nyimbo kupitia mlangoni. Wa pili alikosea mahali, hatua ya tisa au ya kumi, na hakurudi nyuma. Nilimwangalia dada, hakujua kilichotokea. Mimi nilijua. Aprili angerudi.

Kisha kimya. Nusu dakika ya kusoma. Nikaiangalia saa yangu. Halafu ukaanza wimbo nisioujua, polepole, wenye mkwaruzo kidogo katikati, ukaenda mpaka mwisho.

Kwenye daladala nikamuuliza.

"Ilikuwa rahisi kuliko nyumbani."

"Kwa nini?"

"Leo zilikuwa zinafanana. Ninayoiona na ninayoisikia." Akafungua soda yake. "Nyumbani nyie mnanitesa."

14 Desemba

Matokeo: nyimbo 26, 24 na 27. Skeli 17. Kusoma 15. Kusikiliza 18 kati ya 18. Jumla 127, sifa ya kati, pungufu 3 ya ile ya juu. Wachangaji wawili wameuliza kwa nini hatukuchukua njia ya video. Nimewatumia ukurasa wa 13 Aprili.

Dada ameikata karatasi ya alama kwa mkasi, ameweka ile ya "Kusoma 15" kwenye mlango wa friji, peke yake. Sikumwambia afanye hivyo.

21 Desemba

Yule mzee wa Upanga amepiga simu kutoka Arusha, akaomba aisikie piano. Tukaweka simu juu ya kifuniko. Chiriku akampigia ule wimbo wa kanisa wa siku ya kwanza, lakini nikaona vidole vimehama, viko kibonye kimoja juu ya kilichoandikwa. Nikamuuliza baadaye kwa nini. Akasema babu anaikumbuka piano ilivyokuwa zamani kabla haijashuka, sasa angeisikia imezeeka.

28 Desemba

Kufunga hesabu: tumebaki na 212,000. Deni la godoro limelipwa. Mwakani mazoezi dakika 45 tu hadi mtihani wa darasa la saba upite, Mwalimu amekubali. Kitufe cha kinanda tumekirudisha sifuri.

Waya mmoja wa A ya katikati umekatika jana usiku wenyewe, hakuna aliyegusa. Ulilia kama sufuria iliyoanguka. Fundi anakuja Alhamisi.